Mbogi Isiyoweza Kukukasirikia Haishiki: Siri ya Astarion, Aibu ya Veilguard

Nitajie wahusika wa RPG ya mwisho uliyomaliza. Si yule unayemchezesha wewe, hapana, nataka wale wanakufuata nyuma. Kama ilikuwa Baldur's Gate 3, utawataja bila kufikiria: Astarion, Shadowheart, Lae'zel, Gale, Karlach, na ukishikwa na huruma utaongeza Wyll. Kama ilikuwa Dragon Age: The Veilguard, utaanza na Harding, utafute Neve kwa kichwa, alafu ukwame hapo.

Hizo gemu zilitoka mwaka mmoja na miezi kadhaa zikiachana. Zote ni RPG za ganji mrefu, zote zinakupea mbogi ya kutembea nayo na kambi ya kurudi mkapige stori. Moja imekuwa dini ya watu. Ile ingine imefanya studio yake ipunguzwe hadi ikabaki kiduchu. Na mimi nasema tofauti haikuwa upanga wala picha. Tofauti ilikuwa mbogi.

Hesabu kwanza, ndio usiseme ni hisia tu. Larian, wasee wa Ghent huko Ubelgiji, waliachilia Baldur's Gate 3 tarehe 3 Agosti 2023, na Desemba hiyo hiyo wakabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwa The Game Awards. Neil Newbon, sauti na mwili wa Astarion, akachukua ya uigizaji. Veilguard ya BioWare ilikuja 31 Oktoba 2024, baada ya mashabiki kungoja miaka kumi tangu Inquisition. Januari 2025, wenye BioWare, EA, wakaambia wawekezaji gemu imepata wachezaji kama milioni 1.5, karibu nusu ya chini ya ile walitarajia. Kabla mwezi uishe wasee walikuwa wameachishwa kazi na wengine kusukumwa studio zingine za EA.

Sasa tuingie ndani. (Kama hujacheza BG3 na unapanga, kuna vitu nitamwaga hapa. Ruka aya mbili.)

Usiku mmoja wa mapema kambini, Astarion anakuinamia ukilala akitaka kukunyonya damu. Huyo ni mtu wa upande wako! Unaweza kumruhusu, unaweza kumfukuza, unaweza hata kumuua hapo hapo na gemu iendelee bila yeye, masaa yote ya stori yake yakienda na maji. Gale naye ana kitu kifuani inayokula vifaa vya uchawi, na ukimnyima mara nyingi anakusanya virago. Lae'zel na Shadowheart wanachukiana hadi usiku mmoja kisu inatoka, na ukizubaa, mmoja wao haamki asubuhi. Ukiamua kuungana na goblini kuvamia wale wakimbizi wa msituni, Karlach na Wyll hawakai kukupa mawaidha. Wanakuacha. Hakuna kitufe ya kuwarudisha.

Cheki hiyo inafanya nini kwa kichwa yako. Kila ukitaka kujibu mtu vibaya, unaangalia nyuma kwanza kuona nani amekunja uso. Umeanza kuwaogopa. Umeanza kuwajali. Hiyo ndio kazi yote ya mbogi ndani ya RPG, na Larian waliielewa hadi mwisho: Novemba 2023, karibu miezi minne baada ya gemu kutoka, wakaongeza karamu ya kuagana, miezi sita baada ya vita, ukapige tu stori na wale walibaki hai. Hakuna kupigana. Watu walirudi wakalia.

Sisemi kila kitu ilienda sawa. Wyll aliandikwa upya baada ya ile toleo la majaribio, akabadilishiwa hata mwigizaji, na inaonekana. Theo Solomon anajikaza na sauti yake tamu lakini stori ya huyo chali ni nyembamba ukilinganisha na wenzake. Uchungu wake mkubwa unaishia kuwa shida ya baba yake. Lakini hata Wyll anaweza kukuhama.

Veilguard nayo ina watu saba. Na wacha niwe muungwana: kupigana ni kutamu, nywele za hiyo gemu ni moto hakuna mtu anabisha, na Emmrich, yule mzee mstaarabu wa kubonga na wafu akitembea na mifupa yake Manfred, angeingia gemu yoyote na akae. Shida ni kwamba hao watu saba wanakupenda kabla hujafanya kitu. Wakikwaruzana, mnaketi chini, kila mtu anaeleza hisia zake, mambo yanaisha. Ni kama kikao ya kamati ya shule. Mhusika wako Rook hata hawezi kuwa mtu mbaya kabisa, kila jibu linakuja na tabasamu. Kuna mahali pamoja gemu inashtuka: mapema unalazimishwa kuchagua mji gani wa kuokoa, Treviso ama Minrathous, na mwenye mji ulioachwa, Lucanis ama Neve, anakuwa mgumu kwako. Hapo nilikaa wima. Alafu masaa mengine mengi yakapita bila kitu kama hiyo.

Na hii inauma kwa sababu ni BioWare ndio walitufunza haya mambo. Dragon Age: Origins, 2009: ukimsamehe Loghain na kumwingiza kwa kikosi, Alistair anakutupa, na hapo ushamzoea kama ndugu. Mass Effect 2, 2010: kila mtu kwa ile meli anaweza kufa safari ya mwisho kulingana na vile ulimshughulikia na kazi gani ulimpea. Watu hadi wa leo wanaanza upya kwa sababu walipoteza mtu mmoja tu.

Basi nini ilitokea? Sehemu ya jibu inajulikana. Veilguard haikuanza kama tunavyoijua. Katikati iligeuzwa kuwa gemu ya watu wengi mtandaoni, alafu ikarudishwa kuwa ya mtu mmoja. Sasa fikiria ukiandika mhusika wa kuchezwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Hawezi kukuhama, hawezi kufa, hawezi kukuchukia. Ukishamlainisha hivyo, si rahisi kumrudishia meno.

Sehemu ingine ni watu. Agosti 2023, mwezi ule ule BG3 inawaka, BioWare walifuta wasee karibu hamsini. Mmoja wao alikuwa Mary Kirby, mwandishi aliyemzaa Varric, yule kibeti wa mdomo mtamu tangu Dragon Age II. Veilguard inafunguka na Varric. Yaani gemu ilitoka na mtoto, mama ameshaonyeshwa mlango.

Hapa ndio naomba uniskize poa, kwa sababu hii si stori ya gemu mbili tu. Mbogi inayoshika haitoki kwa teknolojia. Inatoka kwa waandishi wanaoachwa na wahusika miaka mingi, na waigizaji wanaoambiwa huyo mtu ni nani, si kupewa mistari tu wasome. Larian walitumia zaidi ya waigizaji mia mbili, na karibu wote walivaa zile suti za kunasa mwendo, ndio maana Astarion anatembea kama mtu anajua anaangaliwa.

Ukitaka ushahidi kwamba si lazima uwe tajiri, cheki Clair Obscur: Expedition 33 ya Aprili 2025. Sandfall ni studio ya Montpellier, Ufaransa, watu kama thelathini ndani na wengine wa kusaidia nje. Mwandishi mkuu, Jennifer Svedberg-Yen, alipatikana aje? Aliona tangazo Reddit la kutafuta sauti za gemu, akajitokeza kuigiza, akaishia kuandika stori. Hakuna mtu alimuuliza cheti. (Hii nimeipenda kwa sababu zangu binafsi.) Siku tatu, nakala milioni moja. Desemba 2025, gemu ya mwaka. Na tuzo ya uigizaji ikaenda kwa Jennifer English, anayeigiza Maelle. Kama hiyo sauti umeiskia mahali, ni yule yule Shadowheart.

Sasa upande wa pili wa mizani. Waigizaji wa gemu Marekani, chini ya chama chao SAG-AFTRA, waligoma kuanzia 26 Julai 2024 hadi Juni 2025, karibu miezi kumi na moja, na kitu kubwa ilikuwa AI: kampuni isichukue sauti yako ama mwendo wako ikatengeneza nakala bila ruhusa na malipo. Walipata mkataba. Lakini Septemba 2025 EA wakatangaza wananunuliwa kwa dola bilioni 55, na bilioni 20 za hizo ni deni. Deni inalipwa na nani? Inalipwa kwa kupunguza gharama, na gharama ya kwanza kuonekana kwa karatasi ni mwandishi anayekaa miaka sita na kibeti mmoja.

Hata Larian hawajaponyoka. Desemba 2025 walitangaza gemu mpya, Divinity, na siku chache baadaye bosi wao Swen Vincke akakubali kwamba studio inajaribu AI kwa kazi za mwanzo mwanzo za kutafuta mawazo. Mtandao ukawaka. Akajitetea kwamba ndani ya gemu yenyewe hakutakuwa na kitu ya AI, waigizaji ni binadamu na maandishi ni yao. Mimi namwamini nusu. Nusu ile ingine nitaiamini siku mtu wa kwanza kwa hiyo mbogi atanigeuka na nikose usingizi.

Najua wengi wetu hatuna mashine ya kubeba BG3. PS ya mtaa unalipia kwa saa, na hakuna mwenye duka atakungoja masaa mia ukibembeleza vampaya. Ndio maana wengi wanaijua kupitia YouTube. Lakini kama uko na simu ya Android iliyo na nafasi, Star Wars: Knights of the Old Republic ya 2003 iko huko, na ni BioWare wale wa zamani wenye meno. Tafuta HK-47, roboti muuaji anayeita binadamu mifuko ya nyama. Anakuita bwana mkubwa, na bado huwezi kuwa na uhakika kama anakuheshimu ama anakupimia kaburi.