Kompyuta ya kuediti video: anza na pawa saplai na mazabodi, kadi ya grafiki baadaye

Mjasiriamali mwenzangu, leo naongea na wewe ambaye video za bidhaa zako zimeanza kuleta wateja. Simu imejaa, inachemka, kila ukiediti inagoma, na sasa umetenga hela ununue kompyuta. Ukiuliza watu kumi, tisa watakwambia: "Tafuta kadi ya grafiki kali, mengine yatajipa."

Mimi sikubaliani nao. Mengine hayajipi. Hela nyingi za wafanyabiashara wadogo zinapotelea hapo hapo kwenye "mengine", hasa vitu viwili ambavyo havionekani kwenye tangazo: pawa saplai na mazabodi.

Kwanza tuwe wakweli. Kama video zako ni za sekunde 30 za TikTok na Instagram, na CapCut ya kwenye simu inakutosha, usinunue kompyuta. Ongeza mzigo dukani. Kompyuta inunue pale video inapokuwa kazi ya kila siku: unachanganya kamera mbili, unatengeneza video ndefu za YouTube, au umeanza kuwaeditia wauzaji wengine kwa malipo.

Ukishafika hapo, njia inayopendwa ni hii: nunua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, chomeka kadi ya grafiki, umemaliza. Inasikika vizuri na bei inavutia. Shida ni kwamba mashine nyingi za ofisini zimetengenezwa kwa vipimo vya kampuni yenyewe. Matoleo mengi ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk hayatumii ile waya kuu ya pini 24 ambayo pawa saplai za kawaida zinayo. Pini zake ni chache na mpangilio wake ni tofauti. Pawa saplai yenyewe mara nyingi ni ndogo, na umbo lake haliingiliani na zile za dukani.

Sasa fuata mnyororo. Kadi mpya inataka umeme mwingi, kwa hiyo unabadilisha pawa saplai. Pawa saplai mpya haiingii kwenye mazabodi, kwa hiyo unatafuta adapta au mazabodi nyingine. Mazabodi nyingine haikai kwenye kasha lile. Mwisho wa siku umenunua kompyuta mbili kwa awamu, na mkononi una moja.

Msimamo wangu ni huu: mashine ya ofisini itumie kama ilivyo, au jenga yako kwa vipimo vya kawaida vya ATX tangu mwanzo. Katikati ndiko mtaji unakoliwa. Na "kama ilivyo" siyo matusi. Mashine ya ofisini yenye prosesa nzuri ya Intel iliyo na grafiki ya ndani, ramu ya GB 16 na SSD, inaediti video za kawaida za HD bila kelele.

Kama umeamua kujenga, haya ndiyo ya kukagua kabla hujatuma hela kwa muuzaji.

1. Soketi ya mazabodi na prosesa
Hapa hakuna kubahatisha. Intel kizazi cha 12, 13 na 14 zinakaa kwenye soketi ya LGA1700. Kizazi cha 10 na 11 ni LGA1200. Ryzen za mfululizo wa 5000 ni AM4, na za 7000 ni AM5. Muuzaji akikwambia "ni i5, itaingia tu", mwambie akutajie namba kamili. i5 ni jina la familia, na familia hiyo ina vizazi vingi.

Angalia pia herufi ya mwisho. i5-12400 ina grafiki ya ndani, lakini i5-12400F haina. Kwa muediti hilo ni kubwa, kwa sababu grafiki ya ndani ya Intel ina Quick Sync inayosaidia kusoma na kutoa video haraka. Pia kadi yako ikiharibika, kazi inaendelea.

2. Ramu
DDR4 na DDR5 haziingiliani, hata kijinafasi cha kuchomekea kimekaa tofauti. Mazabodi za LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, kwa hiyo kujua soketi peke yake hakutoshi. AM5 ni DDR5 tu. Kwa video, tafuta mazabodi yenye nafasi nne za ramu kama mfuko unaruhusu. Leo utaweka GB 16, kesho utataka 32, na itakuwa vizuri usitupe ulizonazo.

3. BIOS
Mazabodi ya B450 ilitoka mwaka 2018, Ryzen 5000 zikaja mwisho wa 2020. Prosesa inaingia vizuri kabisa, lakini kama BIOS haijasasishwa, skrini inabaki nyeusi. Muulize muuzaji, na mwambie akuonyeshe ikiwaka na prosesa hiyo hiyo unayonunua.

4. Wati za kweli
Tupige hesabu. Kwa Ryzen 5 5600 ikifanya kazi kwa nguvu zote, weka wati 88. Kadi ya RTX 3060 ni wati 170. Mazabodi, ramu, diski na feni, weka 70. Jumla ni kama 330. Lakini NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Ziada hiyo ina kazi yake: kadi inaruka ghafla juu ya wastani wake, na pawa saplai haipendi kukimbizwa mpaka mwisho kila siku.

Sasa geuza pawa saplai usome kibandiko. Usidanganywe na namba kubwa ya rangi. Tafuta mstari wa 12V, uone ampea ngapi, halafu zidisha kwa 12. Kibandiko kimeandika 500W lakini 12V ni ampea 18? Hiyo ni wati 216. Prosesa na kadi zinakula karibu umeme wao wote kwenye 12V, kwa hiyo hiyo siyo pawa saplai ya wati 500 kwako. Yenye ampea 45 ni wati 540, hapo tunaongea.

5. Waya
Unahitaji pini 24 za mazabodi, pini 8 za prosesa, na pini 8 za kadi. Hizo nane za prosesa na nane za kadi zinafanana kwa macho lakini umeme wake umepangwa kinyume. Ikikataa kuingia, usilazimishe. Na kama ni pawa saplai ya waya za kuchomoa, usiazime waya za kampuni nyingine. Plagi inaweza kuingia na bado ikaunguza diski zako.

6. Swichi nyekundu ya nyuma
Baadhi ya pawa saplai za mtumba, hasa zilizotoka Marekani, zina swichi ya 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja tu na biashara imeisha.

Halafu kuna kosa la kukagua. Wengi wakiona Windows imefunguka wanalipa. Kuwaka siyo kipimo. Nenda na video yako kwenye flashi, mwambie fundi aiexport kwa nusu saa mbele yako. Pawa saplai dhaifu ikibebeshwa mzigo mara nyingi itazima au kujiwasha upya hapo hapo dukani, na hasara itabaki kuwa ya muuzaji.

Najua kuna atakayesema: "Mtaji wenyewe mdogo, nitanunuaje pawa saplai ya bei?" Ndiyo maana nasema punguza kadi. Chukua kadi ndogo kama GTX 1650 au anza na grafiki ya ndani, lakini weka pawa saplai ya maana na mazabodi inayoruhusu kukua. Kadi utaongeza biashara ikikua, bila kubomoa chochote. Lakini pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na mazabodi na diski yenye video zote za bidhaa zako. Fikiria hilo likutokee wiki ya Idi au Krismasi, oda zimejaa, na huna hata picha ya kumtumia mteja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Una kompyuta unayotaka kununua? Andika hapo chini namba kamili ya prosesa, mazabodi, na ampea za 12V kwenye pawa saplai. Tuiangalie pamoja kabla hela haijatoka.