Jua tunalo, kuni za nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kupasha maji moto kwa jua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Jua tunalo karibu mwaka mzima, lakini asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali. Mke wangu alipojifungua mwaka jana, kila siku tulichoma kuni nyingi kwa maji ya kuoga mama na mtoto. Mtafuta kuni alikuwa shemeji yangu wa darasa la sita, naye akawa anachelewa shule. Mimi niliyekuwa nikiwaadhibu wachelewaji niliona aibu.

Nikaamua kutengeneza mtambo. Fundi wa kuchomelea aliunganisha mabomba ya chuma, tukayafunga juu ya bati na kupaka rangi nyeusi. Tukaviweka ndani ya sanduku la mbao lenye maranda chini na kioo juu, tukaliinamisha kidogo kuelekea kaskazini, kwani sisi tuko kusini mwa ikweta. Pipa tuliliweka chini, kando ya sanduku. Jioni mabomba yalikuwa yanaunguza, lakini pipa limepoa! Majirani walicheka.

Kweli mganga hajigangi. Kila mwaka nawafundisha watoto kuwa maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, nami nyumbani kwangu nimesahau. Tulijenga jukwaa la matofali, pipa likakaa juu ya sanduku, tukalivika majani makavu na magunia. Sasa maji yanazunguka yenyewe bila pampu wala umeme, na jioni lazima tuyachanganye na ya baridi. Maji ya kunywa bado tunayachemsha jikoni, kwani mtambo huu hauyafikishi kwenye kuchemka. Na kwa kuwa maji yetu yana chumvi, mabomba tunayasafisha yasizibe.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono. Lakini kuni haziliwi na ugali peke yake. Maji ya kuoga nayo yanazila. Napendekeza SIDO na vyuo vya VETA wawafundishe mafundi wa vijijini kazi hii, na halmashauri zinapojenga zahanati na nyumba za walimu ziweke mtambo tangu mwanzo.

Wapo watakaosema ni ghali. Ni kweli, kioo na mabomba si bure. Lakini hivyo hununuliwa mara moja, na kuni hutafutwa kila siku, na wanaozitafuta ni akina mama na watoto.

Shemeji yangu sasa anawahi namba. Je, ni watoto wangapi bado wako porini kengele inapogongwa? Wahusika mnasemaje?

Mwalimu wa Kijijini,
Dodoma.