Bei ya Mwani Haipangwi Kibuyuni

Novemba 2016, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, bodi inayoishauri serikali ya nchi hiyo kuhusu viwango vya vyakula vya kilimo hai ilipiga kura kutaka karajinani iondolewe kwenye orodha ya viungo vinavyoruhusiwa. Karajinani ni ute unaotolewa kwenye mwani mwekundu. Ndio unaoifanya aiskrimu iwe laini, unaoishikamanisha dawa ya meno na kuyazuia maziwa ya chokoleti yasijitenge. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliukataa ushauri huo Aprili 2018 na kiungo kikabaki. Lakini kwa karibu mwaka mmoja na nusu, sehemu ya soko la mwani duniani ilikaa roho mkononi, na wakati wote huo wanawake wa Kibuyuni, kijiji kilicho kilomita chache kutoka Shimoni kusini mwa Kwale, waliendelea kushuka ufuoni kufunga mbegu kwenye kamba.

Ndivyo biashara ya mwani ilivyo. Kibuyuni inatajwa mara kwa mara kama kijiji kilichofungua njia ya kilimo cha mwani cha kibiashara nchini Kenya, baada ya majaribio ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, katika pwani hii ya kusini. Wakulima wake, walio wengi wanawake, wana kikundi, wana bidii, na wamejifunza kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka kutokana na zao lao. Walicho nacho kidogo ni sauti juu ya mambo yanayoamua kipato chao. Swali linalostahili kujadiliwa hadharani ni hili: kikundi kama hicho kinapoandika mpango mkakati, uchambuzi wa mazingira ya nje ni kazi yake kweli, au ni anasa ya kampuni zenye ofisi Nairobi?

Makala haya yanashikilia kwamba ni kazi yake, tena kwa mdogo ni ya lazima kuliko kwa mkubwa. Kampuni kubwa ikikosea kusoma soko hupunguza faida. Kikundi cha kijiji kikikosea, hupoteza msimu mzima.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1967 msomi wa Marekani, Francis Aguilar, alichapisha kitabu kuhusu namna wakuu wa kampuni wanavyokusanya habari za mambo yaliyo nje ya kampuni zao. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizofuata, wapangaji walizoea kuyagawa mazingira ya nje katika mafungu: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira asilia na sheria. Mwaka 1979 Michael Porter akaongeza kipimo kingine: nguvu za wanunuzi, za wauzaji wa malighafi, za washindani waliopo, za wanaotaka kuingia, na za bidhaa mbadala. Leo mafungu hayo hujazwa kwenye jedwali katika karibu kila mpango unaoandikwa kwa fedha za wafadhili. Tatizo ni kwamba jedwali likishajazwa, mara nyingi hakuna uamuzi hata mmoja unaobadilika.

Tuanze na bahari yenyewe. Kazi ya mwani ni kazi ya maji makavu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya pwani hii hupwa sana katikati ya asubuhi, na hapo ndipo vigingi vilivyopigwa mchangani na kamba zilizofungwa baina yake vinapoonekana. Mkulima hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba, shibiri kwa shibiri, huku akiondoa uchafu na magugu yaliyoganda. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hubakiza mbegu, na kingine hukibeba mpaka vichanjani. Mwani ukianikwa mchangani hushika mchanga na kushuka daraja, na ukinyeshewa unapauka na kupoteza thamani. Kilo moja ya mwani mkavu inahitaji kilo saba mpaka kumi za mbichi. Bei ya kilo hiyo moja, kwa aina ya spinosamu inayolimwa zaidi hapa, imekuwa makumi machache tu ya shilingi.

Kwa nini spinosamu, ilhali aina ya kotonii ina bei nzuri zaidi? Jibu liko ng'ambo, Unguja. Zanzibar ilianza kilimo cha mwani cha biashara mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na kwa miaka mingi kotonii ilikuwa tumaini la wakulima. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii ikaanza kufa katika maji ya kina kifupi: matawi yanageuka meupe, yanalainika na kukatika. Watafiti, akiwemo Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameihusisha hali hiyo na kupanda kwa joto la maji pamoja na mabadiliko mengine ya mazingira. Njia mojawapo ya kuinusuru ni kuihamishia kwenye maji ya kina. Huko kunahitaji chombo, na kunahitaji mtu anayejua kuogelea. Kwa wanawake wengi walioingia katika kazi hii kwa sababu ilifanyika kwa miguu, maji yanapokupwa, sharti hilo linafunga mlango.

Hapo mafungu matatu ya jedwali yamekutana katika jambo moja. Joto la bahari ni mazingira asilia, kilimo cha maji ya kina ni teknolojia, na nani ana chombo na nani anaogelea ni jamii. Mpango unaoyaandika katika safu tatu tofauti utakosa kuona kwamba kuwapa wanawake wa Kibuyuni mbegu ya kotonii bila boti na mafunzo ya kuogelea ni kuwapa zao litakalokufa kaskazi ikianza kupasha maji.

Kisha kuna soko. Indonesia, iliyoipita Ufilipino mwishoni mwa muongo wa 2000, ndiyo inayoongoza kwa mwani wa karajinani, na China ndiyo mnunuzi wake mkuu. Bei ikipanda huko, mawakala huku pwani huja na pesa. Ikishuka, huchelewa au hawaji. Mwaka 2022 bei ya kotonii Indonesia iliruka sana, na mwaka 2023 ikaporomoka. Zanzibar, yenye maelfu ya wakulima, haina uwezo wa kulisukuma soko hilo. Kenya, inayovuna sehemu ndogo tu ya kile kinachovunwa Zanzibar, ndiyo kabisa.

Na kuna dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na kabla ya Aprili ilikuwa imerudi kwenye 130 hivi. Msafirishaji aliyelipwa dola 1,000 alipata takriban shilingi 160,000 mwanzoni mwa mwaka, na takriban 130,000 miezi michache baadaye, kwa mzigo uleule. Pengo hilo la shilingi 30,000 lazima limwangukie mtu, na anayeketi mwisho wa mnyororo ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kulikwepa.

Kwa kipimo cha Porter, basi, Kibuyuni iko mahali pagumu: wauzaji wengi, wanunuzi wachache, bidhaa isiyo na jina lake mwenyewe. Ndiyo maana mkakati unaopendwa na miradi mingi, wa kuongeza kamba, kuongeza vijiji na kuongeza tani, haujibu tatizo. Tani zaidi kwa bei iliyopangwa kwingine ni kazi zaidi kwa migongo ileile. Ongezeko lina maana pale tu linapobadilisha nguvu ya majadiliano. Kontena la futi 40 hubeba tani 20 na zaidi za mwani mkavu. Kijiji kimoja hakilijazi upesi, lakini Kibuyuni na majirani zake wakiwa na ghala la pamoja wanaweza kulijaza, na wanaweza kungoja. Mwani uliokaushwa vizuri unahifadhika. Mwenye ghala ana uwezo wa kumwambia wakala arudi mwezi ujao.

Wapo wanaopinga hoja ya uchambuzi huu, na hoja zao zina uzito. Wanasema kikundi hakina muda wala pesa za kufuatilia bei za Indonesia. Wanasema hakuna jedwali lililoitabiri Covid mwaka 2020. Wanasema pia kwamba mtu asiyeweza kubadilisha upepo hana haja ya kuupima. Hoja ya kwanza ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kuitaka serikali ifanye sehemu yake. Ya pili inachanganya kupanga na kubashiri. Hoja ya tatu hakuna mvuvi wa Shimoni atakayeikubali, kwa kuwa habari ya kusi huamua kama chombo kitatoka, kitatoka lini na kitakwenda wapi.

Majirani wa Kibuyuni wanatoa ushahidi wa pande zote. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988, na uchumi uliokuwa umejengwa juu ya mwajiri mmoja ukabaki mtupu kwa miongo mpaka kampuni ya sukari ya Kiscol ilipokuja kuufufua. Base Titanium ilianza kusafirisha madini kutoka Kwale mwaka 2014 na kusimamisha uchimbaji mwisho wa 2024. Kwamba mgodi huo una umri wake halikuwa jambo la siri, na kwa kila mwenye lori, mkahawa au nyumba ya kupanga aliyeutegemea, tarehe hiyo ilistahili kuwa ukurasa wa kwanza wa mpango wake.

Diani, ufuo wa hoteli za kitalii, inafundisha jambo jingine. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani iliachwa nje ya mstari. Lakini kampuni za utalii za Thomson na First Choice ziliwarudisha wateja wao nyumbani na kusitisha safari za Mombasa mpaka mwisho wa Oktoba, na mgeni wa Diani kwa kawaida alitua Mombasa na kuvuka kwa feri ya Likoni. Ramani ya onyo iliishia Tiwi, ila hasara haikuishia hapo. Kwa Kibuyuni somo hili ni la moja kwa moja, maana soko la sabuni na mafuta ya mwani linatazamwa katika hoteli hizohizo. Kuacha kumtegemea wakala wa nje ni jambo jema, lakini kumtegemea mtalii peke yake ni kuhamisha hatari kutoka bandari moja kwenda nyingine. Sabuni yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, inaweza pia kuuzwa Ukunda, Msambweni na Mombasa kwa wenyeji, ambao hawasubiri ilani ya London.

Gazi nako kuna mfano wa kusoma mazingira kwa faida. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko, umekuwa ukiuza hewa kaboni kwa wanunuzi wa nje na kurudisha fedha kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Watafiti na wanakijiji waliona fursa iliyozaliwa mbali na wakaifunga na msitu wao. Mwaka 2023 sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa, na miradi ya ardhini ikatakiwa kuipa jamii asilimia 40 ya mapato. Sheria ni mazingira ya nje pia, na inaweza kuelemea upande wa kijiji.

Upande huo wa sheria ndio Kibuyuni inaouhitaji zaidi. Mkulima wa mahindi ana shamba lenye mpaka. Mkulima wa mwani ana kipande cha bahari anachokitumia kwa mazoea na kwa maelewano na kikundi cha usimamizi wa ufuo. Bandari mpya ya uvuvi ya Shimoni inaleta vyombo, wawekezaji na thamani mpya ya ufuo, na vyote hivyo vinaweza kuwa baraka au kuwasukuma wanawake pembeni. Sheria huwagusa watu wenyewe pia: Wapemba wengi wa pwani ya Kwale na Kilifi waliishi miongo bila vitambulisho mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023, na asiye na kitambulisho hafungui akaunti wala hasajili hisa.

Kazi inayotakiwa si kubwa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na kabla ya kaskazi, kikundi kikae na afisa wa kaunti na mtafiti wa KMFRI. Waulize bei ya Indonesia imesimama wapi, dola iko wapi, maji yanatarajiwa kuwa na joto gani, na ni mradi au sheria gani inayokuja ufuoni. Kila jibu lifungwe na uamuzi: bei ikishuka chini ya kiasi fulani, mzigo ukae ghalani, na joto likitarajiwa kupanda, mbegu ihamishwe mapema. Kukusanya takwimu hizo ni wajibu wa kaunti, kama ilivyo wajibu wake kuchonga barabara.

Mpango jumuishi wa maendeleo wa Kaunti ya Kwale unaotumika sasa ni wa miaka 2023 hadi 2027. Vikao vya maoni vya mpango utakaofuata vitakapoitishwa Lunga Lunga na Msambweni, wanawake wa Kibuyuni wana haki ya kudai mambo matatu yaandikwe kwa majina yake na kutengewa fedha: ghala la pamoja la pwani ya kusini, hati ya matumizi ya eneo la bahari wanalolima, na taarifa ya bei kila msimu kwa Kiswahili. Kaunti itakayotenga fedha za kamba na vigingi peke yake itakuwa imeuacha mkakati wa mwani wa Kwale uandikwe na wanunuzi.