Mwalimu wa sayansi Isiolo ahitaji zaidi ya warsha

LENGO la Serikali ya Kenya kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wa Gredi ya 10 wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, yaani STEM, lasomeka vizuri karatasini. Huko Isiolo, mzigo wa lengo hilo umemwangukia mwalimu wa sekondari msingi, anayefundisha Sayansi Jumuishi katika shule za msingi ambazo hazikujengwa kwa matarajio ya kuwa na maabara.

Chanzo cha hali hii ni uamuzi wa Desemba 2022 wa kuiweka Gredi ya 7 ndani ya shule za msingi. Mwezi uliofuata wanafunzi waliingia darasani, na shule nyingi zikaanza na mwalimu mmoja au wawili, wengine wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea chuoni.

Jibu lililotolewa ni kuwafunza walimu kujitengenezea vifaa. Wazo lenyewe si geni. Mradi wa SMASSE, uliofadhiliwa kwa pamoja na Kenya na shirika la JICA la Japani, ulianza mwaka 1998 katika wilaya chache za majaribio, ukapanuliwa kote nchini mwaka 2003. Msingi wake ulikuwa kumtoa mwalimu ubaoni: mwanafunzi atende, ajaribu, na vifaa vinavyokosekana vibuniwe kwa vilivyo karibu. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, ndicho kilichorithi kazi hiyo.

Na Isiolo haina uhaba wa vilivyo karibu. Maziwa yanayogandishwa katika kibuyu ni somo kamili la uchachu na bakteria. Utomvu wa migunga, unaokusanywa na wafugaji na kuuzwa, unaweza kufundisha umumunyifu. Maji ya visima yenye chumvi, jambo ambalo kila mtoto wa Merti au Garbatulla analijua kwa ulimi, yanaweza kupimwa kwa betri za tochi, nyaya mbili na taa ndogo ya LED: chumvi ikizidi, taa hung'aa zaidi. Somo kama hilo halihitaji shehena kutoka Nairobi. Linahitaji mwalimu aliyepewa muda wa kulijaribu kabla ya kuingia darasani, na hapo ndipo mambo hukwama.

Mwalimu mwenye vipindi vya masomo matatu hana jioni ya kukata chupa na kuunganisha nyaya. Akipata uhamisho, sanduku lake hubaki bila mtu wa kulieleza. Ndiyo maana mafunzo yanayomtoa mwalimu mmoja mmoja hadi Nairobi yana tija ndogo kuliko yale ambayo yangewakutanisha walimu wa shule jirani mjini Isiolo au Kinna, kila kifaa kikaandikiwa maelezo na kuachwa kuwa mali ya shule.

Kuna pia mwenzi ambaye hajatumiwa ipasavyo. Katiba ya 2010 iliacha shule za msingi na sekondari mikononi mwa Serikali Kuu, lakini ikazikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijana. Fundi anayefunza uchomeleaji na useremala angeweza kuunda vishikio na vielelezo kwa bei nafuu, iwapo ofisi hizo mbili zingekubaliana nani alipe mbao na vyuma.

Hata hivyo, ubunifu una mpaka, na wakuu wa elimu wasiufanye kisingizio. Hadubini haibuniwi kwa chupa. Asidi haichemshwi jikoni, wala isihifadhiwe kabatini karibu na madaftari ya watoto. Watahiniwa wa KCSE, mtihani utakaofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, bado hupewa karatasi ya vitendo ya kemia inayodai kemikali halisi na vipimo sahihi. Wale wa Gredi ya 10 waliochagua STEM nao watadaiwa hivyo hivyo, wakishindana na wenzao waliokulia katika maabara zenye maji ya mfereji na gesi.