Damu ya Mwanadamu Haifutwi na Ukimya wa Mtaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, miongoni mwa tamthilia za upelelezi zilizopata watazamaji wengi ulimwenguni ni ile ya Kimarekani iitwayo Cold Case, iliyorushwa nchini kwao kuanzia mwaka 2003 hadi 2010. Kila kipindi huanza kwa kuonyesha mauaji yaliyotokea zamani, pengine miaka ishirini, thelathini au hata hamsini iliyopita. Kisha mtazamaji huletwa katika zama za karibu, ambapo mpelelezi wa kike wa jiji la Philadelphia anashusha boksi la nyaraka kutoka katika rafu za polisi, anafungua jalada ambalo wengi walikwisha kulisahau, na kuwaendea mashahidi ambao sasa ni wazee wenye mvi. Kabla saa moja haijatimia muuaji amekwisha kutiwa pingu na boksi limerudishwa mahali pake.

Si makusudio ya makala haya kujadili hukumu ya kutazama televisheni. Masheikh wetu wamekwisha kulizungumza hilo kwa kina. Lililotusukuma kushika kalamu ni jambo moja ambalo kijana wa Mabibo anayetazama tamthilia ya namna hii baada ya sala ya Isha anaweza asilitambue. Akidhani kwamba siri ya mafanikio ya mpelelezi yule ni akili yake au mitambo ya maabara, atakuwa hajatazama vizuri. Katika vipindi vingi kinachofungua fundo ni mtu aliyeona au kusikia, akanyamaza kwa miaka mingi kwa sababu ya hofu, aibu au mapenzi, na hatimaye akaamua kusema. Mpelelezi kazi yake kubwa ni kubisha hodi tena.

Hata hivyo, tusidanganyike tukadhani kwamba maisha huenda kwa mwendo wa tamthilia. Philadelphia hiyo hiyo inayo kesi yake ya kweli. Mwezi Februari mwaka 1957, maiti ya mtoto mdogo wa kiume aliyepigwa hadi kufa iliokotwa ndani ya boksi katika viunga vya jiji hilo. Picha yake ilisambazwa kila pembe, lakini hakuna aliyejitokeza kusema huyu ni mwanangu au ni mtoto wa jirani yangu. Tamthilia tunayoizungumzia ilichota katika kisa hicho na kukitungia kipindi kizima. Katika uhalisia, kaburi lilifukuliwa ili kuchukua vinasaba, mara ya kwanza mwaka 1998 na mara nyingine mwaka 2019, na ni Desemba 2022 tu, baada ya miaka 65, polisi walipoweza kutangaza jina la mtoto yule. Walichokitangaza ni jina tu, aliyemuua hakutajwa. Kwa miongo sita na nusu mtoto alilala kaburini bila jina kwa kuwa waliomjua walifunga vinywa vyao.

Nasi hapa Dar es Salaam tunayo kesi kubwa ya aina hiyo. Tarehe 3 Februari 1969, Dk. Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa katika nyumba moja iliyopo Oyster Bay alipofungua kifurushi kilichokuwa na kitabu. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na bomu. Upelelezi ulifuatilia hadi betri zilizotumika, ukabainisha kuwa zilitoka katika duka la Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Vidole vikaelekezwa kwa polisi wa siri wa Wareno, PIDE, na wengine wakatajwa kuwa walishirikiana nao kutoka ndani. Pamoja na yote hayo, hadi leo hapana mtu aliyepandishwa kizimbani kujibu shitaka la kumuua Mondlane. Msumbiji huadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kuwa Siku ya Mashujaa, nao waliotuma kifurushi hawakuulizwa na hakimu yeyote.

Kesi hizo mbili zina sifa moja inayofanana: muuaji alijificha. Alitenda gizani au alituma kifo kwa njia ya posta. Kwa hiyo mtu anaweza kuelewa, ijapokuwa kwa uchungu, kwa nini majalada yake yalibaki wazi miaka na miaka.

Lakini, ndugu msomaji, liko fungu jingine la majalada ambalo halina udhuru huo. Haya ni mauaji yanayotendwa mchana kweupe, mbele ya mamia ya watu, na bado hayapati mshitakiwa. Tunazungumzia watu wanaouawa na kundi baada ya mmoja kupaza sauti ya "mwizi!" Kesho yake gazeti huandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba wananchi hao ni upepo uliovuma ukapita. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikitaja vifo vya namna hiyo kwa mamia katika mwaka mmoja. Dar es Salaam imekuwa ikitajwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana.

Mabibo, kitongoji kilichokuwa chini ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Manispaa ya Ubungo, ina soko mashuhuri ambalo watu wamelipa jina la Mahakama ya Ndizi. Jina hilo ni la utani wa wafanyabiashara, na hapana anayedhurika nalo. Iliyo na madhara ni mahakama nyingine ambayo mitaa yetu mingi, si Mabibo peke yake, imejizoeza kuifungua barabarani. Mahakama hiyo haina hakimu wala utetezi. Hukumu yake hutolewa kabla ya ushahidi, na hukatiwa rufaa Siku ya Kiyama.

Jiulize kuna mashahidi wangapi. Muuza mihogo aliona, kadhalika dereva wa bodaboda na mama aliyechungulia dirishani. Yule aliyeuza mafuta ya taa katika chupa anamjua aliyeyanunua. Lakini askari anapofika na kuuliza, mtaa mzima unageuka kuwa mgeni, na jibu ni lile lile: "Nimefika sasa hivi, sijaona kitu." Jalada linaandikwa, upelelezi unaambiwa haujakamilika, na miaka inapita. Mpelelezi wa tamthilia huhangaika kumtafuta shahidi mmoja. Kwetu mashahidi wamejaa mtaani, na kinachokosekana ni ulimi.

Uislamu umelizungumza jambo hili kwa uwazi. Sura ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara, imepewa jina lake kutokana na kisa cha mauaji ambayo watu walitupiana lawama na kuficha ukweli, mpaka Mwenyezi Mungu akautoa hadharani kwa njia ya ng'ombe aliyeamrishwa kuchinjwa (aya ya 67 hadi 73). Katika Sura Yusuf, kanzu ya kijana huyo inatumika kuwa ushahidi mara mbili: kwanza ilipopakwa damu ya uongo ili kumhadaa baba yake (aya ya 18), na pili ilipochanika kwa nyuma, ikamsafisha na tuhuma (aya ya 25 hadi 28). Tazama jinsi Kitabu kitukufu kinavyotufunza kukichunguza kitu chenyewe kabla ya kuamini kelele za mshitaki. Laiti wangelikuwapo vijana wa mtaani mwetu siku ile, ukelele wa yule mwanamke ungelitosha kummaliza Yusuf (a.s.).

Ama kuhusu kuficha ushahidi, aya ya 283 ya Sura Al-Baqara inatufahamisha kwamba mwenye kuuficha moyo wake una dhambi, na aya ya 135 ya Sura An-Nisaa inatutaka tuusimamishe ushahidi hata kama unawagusa wazazi na jamaa zetu.

Zingatia pia kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim cha Abdullah bin Sahl (r.a.), aliyekutwa ameuawa Khaybar na muuaji wake asijulikane. Jamaa zake walipofika kwa Mtume (s.a.w.) walitakiwa waape viapo hamsini juu ya wanayemtuhumu. Wakasema hawawezi kuapia jambo wasiloliona kwa macho yao, wala hawakuridhia viapo vya upande wa pili. Mtume (s.a.w.) hakumshika mtu kwa dhana, na wala hakuiacha damu ile ipotee bure: alitoa yeye diya ya ngamia mia moja. Hapa pana mafunzo mawili kwa pamoja. Asiyeona asiape, na pale muuaji anapokosekana, jamii na uongozi wake bado wana deni kwa waliofiwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wakalipanua fundisho hili wakasema kwamba maiti ikikutwa katika mtaa, watu hamsini wa mtaa huo huapishwa kwamba hawakuua wala hawamjui aliyeua, kisha hulipa diya. Maana yake ni kwamba mtaa hauna ruhusa ya kujifanya mgeni.

Kuhusu hoja ya kwamba "tulikuwa wengi", jibu lake lilitoka zamani. Katika zama za Khalifa Umar (r.a.), kundi la watu huko San'a, Yemen, lilishirikiana kumuua mtu mmoja, naye akawahukumu wote kisasi. Wingi wao haukuigawa dhambi ikawa nyepesi. Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na hapo: Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 22 na 23, inamhesabu kuwa mkosaji kamili yule aliyesaidia na yule aliyeshiriki katika kusudio la pamoja. Aidha, Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, inayozuia madai ya kiraia yaliyochelewa, haihusu mashauri ya jinai. Kwa hiyo aliyerusha tofali miaka ishirini iliyopita asidhani kuwa muda umemsamehe.

Wapo watakaosema kwamba Muislamu ameamrishwa kumsitiri nduguye. Ni kweli, lakini sitara hiyo ni kwa aibu iliyo baina ya mja na Mola wake. Damu ni haki ya mtu mwingine, na haki ya mtu haisitiriwi kwa gharama ya mjane na yatima. Wapo pia watakaosema kwamba wezi wametuchosha, na kwamba wakipelekwa kituoni leo kesho tunapishana nao sokoni. Uchungu huo ni wa kweli na hatuudharau. Mama aliyeporwa mtaji wa biashara yake ya ndizi ana haki ya kukasirika. Lakini hasira haimpi mtu elimu ya nani mwizi na nani siye, na maiti haiwezi kuombwa radhi ikigundulika kwamba simu ilikuwa imesahauliwa nyumbani.

Wengine wataitaja hofu, nayo ni hoja nzito zaidi. Shahidi huitwa leo, kesi ikaahirishwa, akaitwa tena kwa nauli yake, na jioni akakutana na ndugu wa mshitakiwa kilabuni au kisimani. Ni kwa ajili hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Sheria hiyo itakuwa karatasi tu ikiwa askari atalitaja jina la mtoa taarifa mbele ya watu. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 haina faida ikiwa nguo ya marehemu imetupwa kabla ya kufika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Boksi lile la Philadelphia lilisaidia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelitunza. Mamlaka zetu zinapaswa kulitunza la kwetu.

Nini kifanyike basi? Kwanza, mwenye kujua jambo juu ya kifo cha zamani alipeleke kwa mkuu wa upelelezi au ofisi ya mashitaka, na akihofu asindikizwe na imamu wake au kiongozi wa mtaa anayemwamini. Pili, maimamu wa misikiti ya Mabibo na kwingineko walisemee hili katika khutba za Ijumaa, wakiutaja waziwazi ukelele wa "mwizi!" kuwa ni mlango wa kuua. Tatu, serikali za mitaa ziandike kila kifo cha aina hii: siku, saa, mahali na jina la marehemu, ili isitokee maiti ikazikwa bila jina kama yule mtoto wa Philadelphia. Nne, tuwatazame waliobaki. Mtoto wa aliyechomwa moto anasoma shule moja na watoto wa waliomchoma, na anazijua sura zao. Kumlipia ada hakumfufui baba yake wala hakufuti dhambi ya muuaji, lakini ni katika kufuata mwenendo wa Mtume (s.a.w.), aliyetoa ngamia mia ilhali mikono yake ilikuwa safi.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba jambo la kwanza watakaloamuliwa watu baina yao Siku ya Kiyama ni la damu. Siku hiyo ngozi na viungo vitatoa ushahidi dhidi ya wenyewe. Anayeweza kusema leo kwa hiari yake na aseme, kabla hajafika mahali ambapo mkono wake utasema kwa niaba yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) azihifadhi damu zetu, atupe ujasiri wa kuusimamisha ushahidi na azijaalie nyoyo za viongozi wetu uadilifu. Amin. Wabillahi tawfiq.