Nililipa 3,500 kwa Mashimo Matatu, na Bado Fundi Ndiye Aliyepunjwa

Wasee, wacha niseme tu. Mwezi uliopita nilipeleka kipande cha alumini kwa fundi wa kukereza hapa Kakamega, nikamlipa shilingi 3,500, na nikarudi nyumbani na sahani mbili za duara zenye mashimo matatu matatu. Jirani yangu aliziangalia, akazigeuza, akaniuliza kama nimelogwa. "3,500 ya mashimo? Si ungetoboa na msumari wa moto?"

Nilicheka, lakini swali lake limenikaa kichwani. Wengi wetu tunafikiria hivyo hivyo. Tunaona shimo. Hatuoni kwa nini shimo liko pale lilipo. Leo nataka kubishana na hiyo akili, na nitaanza kwa kujichoma mwenyewe.

Kwa wale wageni hapa: najenga darubini ya kuangalia nyota. Si ile ya lenzi kama ya nahodha kwa sinema. Hii inatumia kioo kilichochimbika kidogo katikati kama sahani, kinakaa chini kabisa ya bomba, kinakusanya mwanga na kuurudisha juu. Kioo changu kina upana wa inchi 8, unene wa sentimita mbili na nusu hivi, na uzito wa karibu kilo 2. Nilikinunua kikiwa kimetumika kwa msee wa Nairobi. Bomba, sanduku na vingine vyote nilisema nitatengeneza hapa hapa.

Sasa hicho kioo lazima kikae kwa kitu. Hicho kitu nakiita kiti cha kioo. Na mimi, kwa ujuaji wangu, niliona kiti ni kitu kidogo. Nikachukua plaiwudi, nikaweka vishikio vitatu vya chuma kando, nikakaza skrubu mpaka mkono ukauma. Nikasema hii haiendi popote. Jioni nikaita watoto wote wa ploti waje waone Sirius, ile nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Wakapanga laini. Wa kwanza, kasichana ka darasa la tatu, akachungulia, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwani nyota ni samosa?"

Nikachungulia mimi. Maze, ni samosa. Pembe tatu kabisa.

Kumbe nilikuwa nimekibana kioo. Unaweza kudhani glasi ni ngumu na haipindi, lakini kwa kazi hii inapinda. Ili picha itoke safi, uso wa kioo haufai kukosea zaidi ya nanomita 70 hivi. Chukua unywele wako mmoja, ugawanye unene wake mara elfu moja: hapo ndipo. Vishikio vyangu vitatu vilikuwa vinasukuma kwa pande tatu, kioo kikajikunja kidogo sana, na nyota ikatoka na pembe tatu. Alafu kuna baridi. Usiku ukipoa nyuzi 15, alumini ya upana kama huo inanywea kiasi cha sehemu 7 za mia za milimita, na glasi ya kioo kama changu inanywea kidogo sana kuliko hapo. Kwa hivyo hata ukikaza vizuri saa kumi jioni, ifikapo saa tano usiku chuma kinakiminya kioo bila wewe kugusa kitu.

Dawa yake ni kuacha nafasi. Kishikio kiwe karibu na kioo lakini kisikibane. Mimi napima kwa kadi ya kukwaruza ya kredo: kama inapita kati ya kishikio na kioo bila kusukumwa, niko sawa. Kioo kinakaa tu kwa uzito wake juu ya vituo vitatu, si ukingoni kabisa wala si kitovuni. Na kwa nini vitatu? Uliza shosho yeyote anayepikia kuni. Mafiga ni matatu. Sufuria juu ya mafiga matatu haiyumbi hata kama ardhi ina mabonde. Ongeza la nne na utaanza kutafuta vijiwe vya kuweka chini yake.

Basi nikachora mchoro wa kiti kipya. Sahani mbili. Ya nyuma imefungwa kwa bomba, ya mbele imebeba kioo, na kati yao bolti tatu zenye springi, ili uweze kukiinamisha kioo kidogo kidogo mpaka kitazame sawa. Bolti ya milimita 6 ukiizungusha mara moja inaingia milimita 1. Kwa darubini yangu, hiyo milimita moja inahamisha picha karibu milimita 20 kule juu unapochungulia. Yaani mzunguko mmoja tu na Jupiter imeenda. Kwa hivyo mashimo yakiwa yamelegea, au bolti zikiwa zimekaa upande, kila ukigusa darubini unaanza kazi upya.

Nikampelekea mzee. Simtaji jina kwa sababu hakuniomba nimtaje. Bei yake ilikuwa 5,000. Nikafanya vile sote hufanya: "Mzee, ni mashimo tu. Nifanyie 3,000." Tukakutana kwa 3,500. Nikajiona mjanja.

Akachukua mchoro wangu, akauangalia kama dakika moja, akaniuliza, "Kijana, hii thredi nikate kwa sahani gani?"

Nikasema, "Zote mbili, mzee."

Akaniangalia vile mtu anaangalia mtoto aliyevaa viatu upande upande. "Nikikata kwa zote mbili, bolti itazunguka tu. Hizi sahani hazitasogeleana, hazitaachana. Zitakaa vile zilivyo."

Fikiria kidogo utaona. Thredi zikiwa sawa kwa sahani zote, bolti inapita kwa zote mbili kwa mwendo mmoja. Lazima sahani moja iwe na thredi na nyingine iwe na shimo pana la kupitisha tu, kichwa cha bolti kishike nyuma, springi isukume katikati. Mimi nilikaa chuo mihula minne kabla sijatoka. Nilichora huo mchoro kwa wiki mbili, kwa programu ya kompyuta, na rangi nimeweka. Mzee aliona kosa kabla hajamaliza chai yake. Kama angenyamaza na kukata nilivyosema, ningerudi nyumbani na alumini ghali isiyofanya kazi, na lawama ningemwekea yeye. Ningesema, "Si mnajua vitu vya jua kali."

Alafu kugawa duara mara tatu. Mimi nilikuwa nimeandika nyuzi 120, 120, 120. Yeye hakutafuta kifaa cha kupima pembe. Alichora duara kwa bikari, akaacha bikari na upana ule ule, akatembea nayo juu ya mzingo: hatua sita kamili, anarudi alikoanzia. Akaweka alama kwa hatua ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kwisha. Hiyo ni jiometri ile ile tuliyoandika kwa mtihani na kuisahau siku iliyofuata. Kwa springi akanituma kwa mafundi wa boda: springi za klachi ya pikipiki. Zina nguvu ya kutosha kubeba kioo na hazichoki haraka. Springi tatu, bei ya chipsi.

Sasa rudi kwa ile 3,500. Nililipia nini? Alumini nilikuja nayo. Umeme ni kidogo. Nililipia macho ya mtu ambaye amekata thredi miaka mingi mpaka anasoma kosa kwenye karatasi. Na hicho ndicho kitu nilichomwomba apunguze.

Hapo ndipo naona tumekosea kama kizazi. Tunalipa msee wa kuhariri video na hatubishani sana, kwa sababu ana kompyuta na kiti kinachozunguka. Tukifika kwa mtu mwenye mafuta mikononi, tunaanza kuhesabu mashimo. Tunaita ya kwanza ubunifu, ya pili tunaita kazi ya mkono, kana kwamba mkono unajiendesha.

Najua kuna msee atasema: si ungenunua kiti kimetengenezwa tayari huko nje? Ni swali la haki. Kioo chenyewe nilikinunua, sijifanyi. Kusugua kioo mpaka kifike zile nanomita ni kazi nyingine, na bado sijaiweza. Na ukweli ni kwamba kuna fundi atakutobolea shimo pembeni na akuambie "itakaa tu". Nimekutana nao. Lakini kiti hakihitaji nanomita. Kikipangwa vizuri, vituo vitatu na nafasi ya kadi ya kredo, usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha, na huo upo hapa mjini, unafika na boda ya shilingi 50. Kikiharibika, kinarekebishwa Jumatatu. Cha kuagizwa kikija na shimo mahali si pake, utaongea na nani?

Tena hii si kitu kipya. Newton alipounda darubini yake ya kioo mwaka 1668, kioo alikisugua mwenyewe. William Herschel alikuwa mwanamuziki. Aligundua sayari ya Uranus mwaka 1781 kwa darubini aliyoitengeneza nyumbani kwake Uingereza. John Dobson alikuwa mtawa San Francisco, akaonyesha watu kwamba bomba la karatasi ngumu na sanduku la plaiwudi vinatosha. Na hapa kwetu, Susan Murabana na mradi wake wa Travelling Telescope wamezungusha darubini kwa shule nyingi ambazo watoto hawakuwahi kuchungulia hata moja.

Na anga tunayo, jamani. Kakamega iko karibu kabisa na ikweta. Kwa mwaka mzima unaweza kuona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Herschel pale bustanini kwake Uingereza hangeweza kuona Msalaba wa Kusini. Wewe unauona ukisubiri matatu. Aprili 2023 tulishangilia Taifa-1, setilaiti yetu iliyotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria na kurushwa kutoka California. Vizuri, hata mimi nilishangilia. Lakini ukitaka siku moja sehemu nyingi zaidi zikatwe hapa, yule anayejua kukata lazima aishi kwa hiyo kazi, na mtoto wake asiione kama adhabu.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukienda kwa fundi, beba mchoro wenye vipimo, si picha ya simu na "kitu kama hii". Mweleze kitu kinafanya kazi gani, si umbo tu, ndiyo maana mzee aliweza kuniokoa. Muulize angekifanya vipi yeye. Na akikupa bei, kabla hujasema "ni mashimo tu", jiulize kama wewe ungeyatoboa.

Kiti kimekaa. Niliita tena watoto wa ploti, nikamwita na mzee. Yule kasichana alichungulia Jupiter, akahesabu miezi yake minne kwa sauti, akasema hii si samosa. Mzee alichungulia kwa muda mrefu. Alipoinuka hakusema kitu kuhusu Jupiter. Alipapasa nyuma ya bomba, akazungusha bolti moja kidogo, akaniuliza kama springi zinashikilia.

Kesho yake nikamtumia ile 1,500 niliyompunguza. Akapiga simu mara moja: "Kijana, umekosea namba?"

Nikamwambia hapana mzee, hiyo ni ya lile swali la thredi.