Surua haingoje papa arudi kutoka shimoni

Tuko na jambo moja la kuambia ba papa na ba mama wanaoishi kwa jasho la zahabu, kutoka Kipese mpaka Butembo na Beni. Surua, ile waganga wanaita rougeole, inaua watoto. Tena inaua hasa mtoto ambaye hakupata chanjo, na chanjo ile ni ya bure.

Tukumbuke hesabu. Kutoka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, Ebola ilitupiga hapa kwetu na Ituri: wagonjwa 3.470, vifo 2.287. Dunia nzima ilisikia. Wakati ule ule surua ilikuwa inatembea katika inchi yote, na ikaua watu zaidi ya 7.000, karibu wote watoto wadogo. Kwa hiyo nani aliiogopa? Nyumbani tulisema: «Ni surua tu, itapita.» Hilo neno «tu» limejaza makaburi.

Dalili zake ni hizi. Mtoto anaanza na homa kali, kikohozi, makamasi, macho mekundu yenye kutoa machozi. Ndani ya mashavu vinaweza kuonekana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Kisha siku chache upele unatoka usoni na nyuma ya masikio, unashuka shingoni, tumboni, mpaka miguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pitisha mkono, utasikia ngozi inakwaruza. Homa yenye macho mekundu na kikohozi, tusiseme haraka kwamba ni malaria.

Mgonjwa anaambukiza siku 4 mbele ya upele na siku 4 nyuma yake. Ugonjwa unabaki hewani mpaka saa mbili nzima hata yeye akiisha kutoka. Kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa naye, 9 wanaupata. Fikiria sasa kambi ya wachimbaji, familia tatu chini ya turubai moja.

Akipumua mbio, akikataa ziwa, akihara sana, akipata degedege, akitoa usaha masikioni ao macho yakiharibika, tusingoje asubuhi. Dawa ya kuua surua yenyewe haiko, lakini kwenye kituo cha afya wanampa vitamini A siku mbili zenye kufuatana, ili kulinda macho na uhai wake, na wanatunza mapafu na kuhara. Nyumbani aendelee kunyonya, kunywa maji na kula. Majani ao dawa ya kienyeji machoni, hapana!

Chanjo ya kwanza ni kwa miezi 9. Ya pili, OMS inaomba itolewe kati ya miezi 15 na 18. Hapo ndipo familia za wachimbaji zinapotea. Mtoto ana miezi 8, papa anasikia zahabu imetoka Manguredjipa ao upande wa Mambasa, familia inafunga mizigo, fishi ya mtoto inabaki Butembo. Miezi 9 inapita porini, na 15 pia.

Ndiyo maana tunaomba vitu viwili. Mama, fishi isafiri pamoja na mtoto, na ukifika kambini uliza kwanza kituo cha afya kiko wapi. Umechelewa? Kawia ufike: nenda tu, muganga atasoma fishi na kukuambia kinachobaki. Na nyinyi ba PDG, munaojua hesabu ya kila mfuko unaotoka shimoni, mujue pia hesabu ya watoto walio kambini. Mupelekee hesabu hiyo muganga mkuu wa kituo, mumuombe timu ije na sanduku la barafu. Pikipiki inayopandisha mafuta na bia kwenye kariere inaweza kupandisha chanjo vilevile.